Jina la Mwenye Kusilimu: Khabari ya Kareem Abdul-Jabbar na Suala Lililotufikia Ndera

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa letu la baada ya sala ya Isha tuliletewa suala ambalo mwanzo tulilidhani jepesi, na kila tulipolitazama lilizidi uzito. Kijana mmoja wa upande wa chini ya mto, mzaliwa wa nyumba ya Kikristo, alisilimu mbele yetu. Usiku ule ule, kabla hajajua hata kusoma Alhamdu, tulimchagulia jina jipya, lake na la baba pia, na majina aliyokuja nayo tukamwambia ayatupe. Watu wakapiga takbiri. Khabari ikapanda gari ikafika Garsen sokoni kabla kijana mwenyewe hajafika kwao, na mamake akaisikia kwa muuza samaki.

Mama yule hakuja kutugombeza. Alituletea maneno kwa mdomo wa jirani yake, nayo ni haya: kwamba mwanawe kuingia dini nyingine amelistahimili, kwani ni mtu mzima na ana akili zake, lakini kijana yule babake alimwita kwa jina la babu yake, na babu huyo alimlea, basi hao waliomfukuza mzee wa watu katika jina la mjukuu wake ni akina nani, na amewakosea nini?

Hatukuwa na jawabu. Na kijana alipokuja darsani aliuliza kwa adabu: Je, Uislamu wangu hautimii nikiitwa kwa jina la babangu? Mmoja wetu akamjibu upesi: Humwoni Kareem Abdul-Jabbar, bingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani? Alipousilimukia Uislamu aliliacha jina lake lote, la kwake na la babake, wala hakuangalia nyuma. Vijana wa shule waliokuwapo wakaafiki, maana jina la bingwa yule wanalijua kuliko majina ya sahaba wengi, na hilo nalo ni aibu yetu sisi tunaosomesha.

Basi tukaona kwamba hoja ikiwa imejengwa juu ya khabari ya mtu, yafaa khabari hiyo isomwe tangu mwanzo wake. Tumeisoma kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtu huyu alizaliwa mjini New York tarehe 16 Aprili 1947, akapewa jina Ferdinand Lewis Alcindor, kama jina la babake. Watu wakimwita Lew. Na tuseme hapa kwa kupita tu kwamba jina la Ferdinand halikuwa geni katika Mto Tana, kwani mmisionari wa Kijerumani aliyefika Ngao mwaka 1887 aliitwa Ferdinand Würtz. Wazazi wa kijana walikuwa Wakatoliki. Babake alikuwa askari polisi wa reli za mjini, na alikuwa mtu wa elimu ya muziki. Mtoto alisomeshwa katika shule za Kanisa. Alirefuka hata akafika futi 7 na inchi 2, nao urefu huo haumfai mtu kitu asipoongeza jitihada. Wapo warefu wengi duniani ambao hakuna awajuaye.

Alipoingia Chuo Kikuu cha UCLA mjini Los Angeles alifundishwa mpira na mwalimu John Wooden, mtu mpole mwenye nidhamu kali. Katika misimu yake mitatu pale, timu yake ilishinda michezo 88 ikashindwa 2 tu, na ikatwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani mara tatu mfululizo, mwaka 1967, 1968 na 1969. Mwaka 1967 wakuu wa michezo ya vyuo walipiga marufuku kuutia mpira kikapuni kwa kuusukumiza kwa nguvu kutoka juu, na watu wengi waliiona amri ile kuwa imemlenga yeye. Naye hakukaa kulalamika. Aliukamilisha mtupo wake ambao hauzuiliki: husimama ubavu kwa adui yake, akanyosha mkono mmoja mpaka mwisho wake, akauachia mpira juu ya vichwa vya watu wote kwa kiganja kama mtu arushaye nyavu. Kwa mtupo huo alicheza miaka ishirini.

Kisha akaingia katika mchezo wa malipo. Timu ya Milwaukee ilimchukua wa kwanza mwaka 1969, na mwaka 1971 akaipa ubingwa. Mwaka 1975 akahamia Los Angeles, na huko akatwaa ubingwa mara tano: 1980, 1982, 1985, 1987 na 1988. Mara sita alichaguliwa kuwa mchezaji bora kuliko wote. Alipostaafu mwaka 1989 alikuwa amefunga pointi 38,387, na hesabu hiyo haikupitwa na mtu mpaka tarehe 7 Februari 2023, LeBron James alipoipita. Yaani ile rekodi ilikaa karibu miaka arubaini mikononi mwa mtu aitwaye mja wa Mwenyezi Mungu, na kila mtangazaji wa Marekani, apende asipende, alilitaja jina hilo.

Na hapa tunataka kutengeneza jambo moja. Watangazaji wengi walizoea kumwita kwa ufupi “Jabbar”. Al-Jabbar ni jina katika majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, na mwanadamu haitwi hilo illa kwa kutanguliwa na Abdul, yaani mja. Wao hawajui, na asiyejua husamehewa. Lakini sisi je? Tunao Abdulrazak tuwaitao “Razaki” na Abdulrahman tuwaitao “Rahmani”, na twacheka na kuwapigia kelele njiani. Twamkosoa Mmarekani kwa jambo ambalo twalifanya mlangoni mwa msikiti.

Turudi. Alisilimu vipi? Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni alisoma kitabu cha maisha ya Malcolm X, ambaye aliuawa tarehe 21 Februari 1965. Alimwona humo mtu aliyetoka katika kundi lililokuwa likidai kwamba kuna mtume baada ya Mtume wetu, na lililokuwa likihukumu watu kwa rangi ya ngozi, kisha akaenda Makka akasali bega kwa bega na watu wa kila rangi, akarudi akiwa amebadilika. Alcindor akaanza kusoma Qurani. Mwaka 1968 akatamka shahada. Wala hakufuata kundi lile la mwanzo. Alitaka Uislamu wa Waislamu wote. Zingatieni hili, kwani mwezi Machi 1964 bondia Cassius Clay alipopewa jina la Muhammad Ali, alipewa na mkuu wa kundi lile, na haikuwa illa mwaka 1975 ndipo Ali alipoingia katika njia ya Sunna. Jina lake lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza. Itikadi ndiyo iliyochelewa. Basi hapo pana dalili kwamba jina na imani haviendi pamoja daima.

Jina la Kareem Abdul-Jabbar alikuwa nalo kwa faragha tangu aliposilimu, lakini alilitangaza kwa watu mwaka 1971, mara tu baada ya timu yake kutwaa ubingwa. Watu wengi walimchukia. Walisema amekosa shukrani, amewatupa waliompenda akiwa Lew. Yeye aliwajibu kwa maelezo ambayo yatupasa kuyasikiliza kwa makini, kwa kuwa ndiyo roho ya suala letu. Alieleza kwamba Alcindor halikuwa jina la ukoo wake wa Kiafrika. Lilikuwa jina la Mfaransa aliyewamiliki wazee wake, nao walikaa kisiwa cha Trinidad. Mtumwa alichukua jina la bwana wake kama vile mbuzi achukuavyo alama ya mwenyewe sikioni. Basi mtu huyu alipoliacha jina hilo hakumwacha babu yake. Aliacha alama ya aliyemnunua babu yake.

Ndugu zetu, hii ndiyo sababu yake. Je, ni sababu yetu? Komora ni jina la nani? Buya je, na Jilo, na Hiribae? Hayo si majina ya mabwana waliotununua. Ni majina ya watu waliolima mpunga katika mafuriko ya mto huu na kuwazaa wazazi wetu. Usiku ule wa darsa tulijihisabu. Tulikuwa watu kumi na wanne, na kumi na mmoja katika sisi, ukiandika majina yao matatu kama yaandikwavyo serikalini, utakuta ndani yake Komora au Buya au Jilo. Babu zetu wa juu ya mto waliposilimu walimwita mtoto Omari au Hadija, na jina la mzee likabaki mahali pake, na hakuna aliyesema kwamba Uislamu wao ni nusu. Sisi wenye majina hayo ndio tuliomvua mwenzetu jina kama hayo. Hatujui tuliite nini jambo hili illa haraka na kutaka kuonekana.

Sasa tutazame sharia inasema nini, kwani mtu wa mpira, hata akiwa mwema, si dalili.

Kwanza, Mwenyezi Mungu katika Suratul Ahzab, aya ya 5, ametuamrisha tuwaite watu kwa baba zao, na akasema kwamba huo ndio uadilifu zaidi mbele yake. Na aya hii ilikuwa na sababu. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume (s.a.w.), na watu wakimwita Zaid mwana wa Muhammad. Ilipoteremka aya, akarudishwa kwa babake, akaitwa Zaid bin Haritha. Tafakarini: ikiwa mtu aliondolewa unasaba wa Mtume mwenyewe akarudishiwa babake mzazi, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumwondolea kijana babake na kumpachika jina la mtu ambaye hata hakuzaliwa katika ukoo wao?

Pili, tuwatazame sahaba. Umar alisilimu akiitwa Umar, akabaki Umar. Khalid alisilimu akiwa Khalid bin al-Walid, na al-Walid alikuwa katika maadui wakubwa wa Mtume, na wafasiri wamesema kwamba aya kali za Suratul Muddaththir zilimshukia yeye. Pamoja na hayo Khalid hakuambiwa aliache jina la babake, na kwa jina hilo la baba kafiri akawa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Ikrima alikuwa mwana wa Abu Jahl, na vitabu vyote vyamwita hivyo hivyo. Kama kusilimu kungekuwa ni kumfuta baba, hawa wangekuwa wa kwanza kufutiwa.

Tatu, ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alibadili majina, nasi hatulifichi hili. Alibadili jina lenye maana mbaya au lenye shirki. Mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Abdurrahman bin Auf kabla ya Uislamu alikuwa na jina la kumfanya mja wa asiyekuwa Mungu, na Mtume akampa hili tunalomjua nalo. Lakini Auf, babake, akabaki. Na katika Sahihi ya Bukhari mna khabari ya mtu aitwaye Hazn, maana yake ni ardhi ngumu, ambaye Mtume alimtaka aitwe Sahl, yaani laini, naye akakataa kuacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake amesema kwamba ugumu ule haukuwaacha katika ukoo wao. Basi mtu alikataa jina zuri kutoka kwa Mtume, na hakufanya vyema kukataa, lakini hakutolewa katika Uislamu kwa ajili hiyo wala hakulazimishwa.

Kwa hivyo wanavyuoni wamesema: mwenye kusilimu si lazima abadili jina. Akiwa na jina lenye maana ya kufru au matusi, atabadili. Akipenda mwenyewe jina la Kiislamu, ni jambo jema, kwani Mtume ametaja kwamba majina apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Lakini anayebadili ni jina lake yeye. La babake si mali yake.

Labda mtu atauliza: Je, basi Kareem alikosea kuacha Alcindor? Sisi twaona kwamba hakukosea, kwa sababu mbili. Alilolikataza Mwenyezi Mungu ni mtu kujinasibisha na mtu asiyekuwa babake, na Abdul-Jabbar si kudai baba mwingine. Ni kusema “mimi ni mja”. Na alichokiacha, kama tulivyoeleza, hakikuwa nasaba bali chapa ya utumwa. Hata hivyo jina lile la kwanza halikumtoka kabisa. Mwaka 1993 kampuni ya magari ya General Motors ililitaja jina la Lew Alcindor katika tangazo la televisheni bila ya ruhusa yake, akaishtaki. Kampuni ikajitetea kwamba jina hilo alikwisha kulitupa. Mahakama ya rufani ikaamua kwamba mtu hapotezi haki ya jina lake la kuzaliwa kwa kuacha tu kulitumia. Mahakimu wale hawakuwa Waislamu, lakini katika jambo hili walikuwa karibu na uadilifu kuliko sisi usiku ule.

Tumefika mahali ambapo khabari ya mtu huyu inauma, na wengi waisimuliao huruka. Aliyemsomesha Kareem alikuwa mtu aitwaye Hamaas Abdul Khaalis, wa madhehebu ya Hanafi kama alivyojinasibu. Kijana yule mrefu, mwenye akili, aliyesoma chuo kikuu, alimtii mwalimu wake katika kila kitu. Mwaka 1971 alioa mwanamke aliyechaguliwa na mwalimu, ilhali moyo wake ulikuwa kwa mwingine, na ndoa ile haikudumu. Na kwa shauri la mwalimu huyo huyo hakuwaalika wazazi wake arusini, kwa kuwa wao si Waislamu. Baadaye amekiri mwenyewe kwamba hilo lilikuwa kosa, na kwamba kulitengeneza kulimchukua zaidi ya miaka kumi.

Miaka kumi, ndugu zetu! Mtu alikuwa na wazazi wawili hai, waliomlea kwa mshahara wa askari, na kwa fatwa isiyo na dalili akawakosa siku ya arusi yake. Aya ya 15 ya Suratu Luqman iko wazi: wazazi wakimshurutisha mtu kumshirikisha Mungu, asiwatii katika hilo, na pamoja na hayo akae nao duniani kwa wema. Na Asma binti Abubakar alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mamake, mshirikina, aliyemjia akitaka kuungwa, alimwambia amuunge mamake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angeisikia Kareem mwaka 1971, mamake angekaa mstari wa mbele.

Na mwisho wa mwalimu yule ulikuwa mbaya. Kareem alikuwa amenunua nyumba mjini Washington kwa ajili yake na wafuasi wake. Tarehe 18 Januari 1973 watu wenye uhusiano na lile kundi la mwanzo, ambalo Khaalis alikuwa akilipinga kwa barua, waliingia nyumbani humo wakaua watu 7, na wengi wao walikuwa watoto. Msiba ule ulimharibu. Mwezi Machi 1977 yeye na wafuasi wake waliteka majumba matatu mjini humo na watu zaidi ya mia, na mtu mmoja akauawa, mpaka mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran wakaenda wakamsomea Qurani na kumsihi. Alifia gerezani mwaka 2003. Kareem alikwisha kujitenga naye. Baada ya mauaji ya mwaka 1973 alisafiri mpaka Libya na Saudia, akajifunza Kiarabu ili Qurani aisome mwenyewe, asingoje kuambiwa na mtu ni nini iliyosema. Katika maisha yake yote, pamoja na pointi zile 38,387, safari hiyo ndiyo sisi twaitukuza. Mtu aliyekwisha kuwa bingwa alikaa chini akajifunza alifu na be.

Mfano wa pili uko hapa hapa Kenya, nao ni wa upande mwingine. Stephen Cherono, mwana wa Keiyo katika Bonde la Ufa, alikuwa mkimbiaji hodari wa mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000. Mwaka 2003, kwa mapatano na wakuu wa michezo wa Qatar, alichukua uraia wa huko na jina la Saif Saaeed Shaheen. Mwezi Agosti mwaka huo akashinda ubingwa wa dunia mjini Paris kwa fulana ya Qatar, na ndugu yake Abraham Cherono akakimbia mbio hizo hizo kwa fulana ya Kenya. Tarehe 3 Septemba 2004, mjini Brussels, aliweka rekodi ya dakika 7 na sekunde 53.63, ambayo haikuvunjwa mpaka Juni 2023. Sisi hatusemi neno juu ya itikadi yake. La moyoni analijua aliyeuumba moyo. Twasema tu kwamba jina lile zuri la Kiarabu lilikuja pamoja na pasi ya kusafiria, na kwamba jina la Kiarabu peke yake halikumwambia mtu yeyote duniani mwenye jina hilo anaabudu nini. Mara ngapi sisi tumelifanya jina kuwa ndiyo shahada? Mtu akiitwa Saif twampa salamu, akiitwa Stephen twamkunjia uso, na wala hatujamuuliza mmoja wao kama amesali Alfajiri.

Na yupo wa tatu, tumtaje kwa kuwa ametuchekesha kwa wema. Mwanajeria Olajuwon, bingwa mkubwa wa kikapu naye, alizaliwa Muislamu, na kwa miaka jina lake Marekani liliandikwa Akeem. Mwaka 1991 aliomba liandikwe Hakeem, kama inavyotakikana. Aliongeza herufi moja tu, na Ramadhani akicheza amefunga. Ama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile kubwa, aliyechukuliwa wa pili katika uchaguzi wa mwaka 2009, yeye aliingia kwa majina ya kwao, na hakuna cha kubadili.

Sasa turejee kwa kijana wetu na tuyaseme ya hapa chini, yasiyo ya vitabuni. Kijana ana cheti cha kuzaliwa, ana cheti cha mtihani wa shule, ana kitambulisho. Vyote vina jina moja. Atakaye kubadili jina mbele ya serikali hana budi kuandikisha hati ya kubadili jina, na khabari yake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Jambo hilo lina gharama na safari, na mtu wa Ndera anajua safari ni nini mto ukifurika. Wanaoshindwa hubaki na majina mawili: moja la msikitini, moja la kazini. Twamjua mtu ambaye cheti chake cha shule na kitambulisho chake havikubaliani mpaka leo, kwa sababu ya usiku mmoja wa takbiri, na kila anapoomba kazi huulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Kwa hivyo tumekubaliana katika darsa letu kama ifuatavyo. Atakayesilimu mbele yetu atafundishwa kwanza shahada na maana yake, josho, udhu, na sala. Hatutamtajia jina mpaka atuulize mwenyewe. Akiuliza, na jina lake halina ubaya, tutamwambia kwamba ni lake, abaki nalo akitaka. Akipenda jina jingine ataongeza mbele, na la baba litabaki. Na yeyote kati yetu asipeleke khabari ya mtu sokoni kabla mtu huyo hajaipeleka nyumbani kwao.

Kijana mwenyewe amechagua kuitwa Yahya. Nyuma yake majina ya babake na babu yake yamekaa kama yalivyokuwa. Watatu katika sisi tulikwenda naye kwao siku ya Jumapili, tukangoja chini ya mwembe mpaka mamake aliporudi kanisani. Tulimwomba radhi kwa tuliyoyafanya. Alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza mwanawe, si sisi, kama bado anakula samaki wa kambare, akaenda jikoni. Tulikula sote. Wakati wa adhuhuri ulipofika alitutolea maji ya kutawadha na mkeka, na akawanyamazisha watoto.

Alipotusindikiza njiani alituuliza jambo moja ambalo hatukulijibu pale, kwa kuogopa kurudia haraka ile ile. Marehemu mumewe aliacha shamba ukingoni mwa mto, nalo halijagawanywa. Alitaka kujua kama kijana, kwa kuwa sasa ni Muislamu, ana fungu katika shamba hilo au hana, na kama yeye mama akifa itakuwaje. Mas-ala haya ya mirathi baina ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu yana hadithi sahihi na yana maneno ya wanavyuoni, na humo mna khitilafu katika baadhi ya sura zake. Tutayasoma katika darsa la mwezi ujao, inshaallah, na tumemwomba Yahya aje nayo maelezo ya shamba: lilipatikana lini, na kabla au baada ya babake kufariki ndipo yeye aliposilimu.

Wabillahi tawfiq.